Kwa Mama Kanda Lazima Uimbe

Ukitaka wimbo kwa Mama Kanda, ulikuwa unauimba. Hapohapo kaunta, mlango wazi, watu wanakuangalia. Hakujali kama wewe ni karani wa benki uliyevaa tai au dereva wa lori la saruji. Ulitaja jina la wimbo, yeye akachomeka kalamu sikioni, akakunja mikono na kusema, "Nisikie." Ukijichekesha, alirudia. Ukisema huna sauti, alikwambia hakuuliza habari za sauti. Nimemwona kwa macho yangu mkaguzi wa shule, mtu mwenye kitambi na heshima zake, amevua kofia, amefumba macho, anaimba beti mbili za mapenzi katikati ya mtaa wa Ngarenaro saa nne asubuhi, na mafundi baiskeli wa upande wa pili wameacha kazi wanampigia makofi. Mkaguzi alipomaliza, Mama Kanda alitikisa kichwa na kumwambia aje kesho kuchukua kanda yake.

Mimi nilikuwa jirani yake wa ukuta, na ukuta wenyewe ulikuwa hadibodi. Upande huu cherehani yangu, upande ule deki zake mbili za kurekodia kaseti na spika moja kubwa kama kabati. Kwa zaidi ya miaka kumi nilishona nikisikiliza asichokijua kwamba nakisikiliza. Ukichunguza nguo nilizoshona enzi hizo utaona mshono unakwenda mbio palipokuwa na chacha, na unatulia palipokuwa na kwaya. Kuna sketi moja ya shule niliyoshona mfuko wake ndani nje, na kosa halikuwa langu.

Hiyo ilikuwa miaka ya ruksa. Tulikuwa tumezoea redio moja na foleni ya kila kitu, mara maduka yakajaa, watu wakaanza kurudi kutoka Namanga na redio kaseti zenye spika mbili, na kila nyumba ikataka muziki wake yenyewe, usiosubiri mtangazaji. Mama Kanda aliyaona hayo kabla ya wengine. Akapanga chumba, akapigilia rafu, akaanza kuwarekodia watu. Mtaa ukampa jina na yeye akaliitikia. Kuhusu ukoo wake sitasema kitu; waliomwuliza walijibiwa kwa mkato, na mimi si mtu wa kujitafutia mkato.

Wateja wengi waliamini kwamba ile sheria ya kuimba ilitokana na harusi ya mangi wa spea. Harusi yenyewe niliihudhuria, kwa hiyo nasimulia kwa kifua. Mangi huyu, mfanyabiashara kutoka Moshi, alimtuma mdogo wake aende akarekodi wimbo wa kumwingiza bibi harusi ukumbini. Mdogo akaja, akasema, "Mama, nirekodie Mgeni Njiani." Mama Kanda akamrekodia Mgeni Njiani. Tatizo ni kwamba Mgeni Njiani walikuwa wengi. Kulikuwa na dansi, tena si moja. Kulikuwa na kwaya, albamu nzima ya nyimbo kumi yenye jina hilo juu ya jalada. Kulikuwa na taarabu. Kulikuwa na mchezo wa redio. Na kulikuwa na kipindi cha afya ya uzazi, ambacho mtu fulani alikirekodi redioni akakileta dukani.

Ukumbi ukasimama. Bibi harusi akatokea mlangoni, shela hadi chini, maua mkononi, baba yake amemshika. Msema chochote akabonyeza kitufe. Spika zikakohoa, halafu sauti ya mama mmoja mpole ikajaa ukumbini: "Mpenzi msikilizaji, karibu katika kipindi cha Mgeni Njiani. Leo tunazungumza na mama mwenye ujauzito wa miezi mitano."

Yesu na Maria! Macho mia tatu yakashuka kutoka kwenye shela hadi tumboni. Msema chochote akatafuta kitufe cha kuzima, akapata cha kuongeza sauti. Mama mpole akaendelea kueleza umuhimu wa mchicha na maini. Aliposema, "Na baba naye asikae mbali," baba mdogo wa bwana harusi, aliyekuwa ameanza pombe ya mbege mapema, alisimama akasema, "Hapo umenena!" Mimi nilikuwa nimeketi karibu na mashangazi; mmoja wao alijifunika kitenge uso mzima na mabega yakawa yanaruka. Mbavu zangu ziliniuma hadi Jumatano.

Mtoto alizaliwa baada ya miezi minne. Mtaa mzima ulimwita Namba Tano, kwa sababu katika daftari la Mama Kanda kile kipindi cha afya kilikuwa Mgeni Njiani namba tano. Mangi hakukasirika hata kidogo. Alikuja dukani na jogoo, akamwambia Mama Kanda kwamba familia imekubaliana yeye ni nabii. Mama Kanda alimpokea jogoo, akakataa unabii, na siku hiyohiyo akaandika kwa rangi nyekundu juu ya kipande cha boksi: HATUREKODI JINA. TUNAREKODI WIMBO. IMBA.

Hiyo ndiyo sababu iliyojulikana, na harusi ilimpa kisingizio tu. Sababu yenyewe aliniambia mimi, siku moja ya mvua ambapo umeme ulikatika na hakuna hata mmoja kati yetu aliyekuwa na kazi. Alikuja upande wangu, akaketi juu ya mzigo wa vitambaa, akaanza kusimulia bila kuulizwa, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

Marehemu mume wake alikuwa mpiga gitaa katika bendi ndogo ya shamba la kahawa. Wakati yeye ana mimba ya kwanza, mume alitunga wimbo. Kila jioni aliupiga barazani, polepole, bila maneno, kwa sababu maneno alisema atayaweka mwimbaji. Alimwambia tu jina lake: Mgeni Njiani. Halafu gari la redio likaja mjini kurekodi bendi, na siku ambayo bendi yao ilipangiwa ndiyo siku ambayo uchungu ulimshika.

"Nilikuwa nalia hospitalini Nkoaranga toka alfajiri," alisema. "Mwenzangu yuko mjini anapiga gitaa. Alikuja jua linazama, mtoto ameshanyonya mara tatu."

"Ukamfanyaje?"

"Nilimnunia wiki mbili. Hakujitetea, alikuwa anacheka tu na kumbeba mtoto. Halafu maisha yakaendelea, na mtoto alipoingia darasa la pili yeye akaugua, akaenda."

Wimbo ulipigwa redioni mara chache, yeye kila mara yuko shambani au kisimani. Hakuwahi kuusikia. Bendi ikasambaratika. Kwa hiyo kila mteja aliyetaja Mgeni Njiani, alitaka amwimbie, huenda mmoja akaimba ule wa barazani.

"Nataka kusikia alivyopiga siku ile," alisema. "Kama alipiga vizuri, kwa ule utulivu wake, nitajua mimi nilikuwa nalia na yeye hakuwa na habari na mimi."

"Na kama alipiga vibaya?"

Alifikiri. "Kama alipiga vibaya nitamsamehe."

Nilicheka nikamwambia dunia nzima ni yeye peke yake anayemwombea mume wake awe amepiga ovyo. Hakucheka. Umeme ukarudi, akanyanyuka kwenda kuangalia deki zake.

Baada ya siku hiyo nilianza kumsikiliza kwa sikio jingine. Mtu akija akasema "Mgeni Njiani," nilisimamisha cherehani. Upande wa pili wa hadibodi kulikuwa na kimya kidogo, halafu "Nisikie," halafu mtu anaanza. Nikisikia kalamu inaandika upesi, nilijua siyo. Niliendelea kushona.

Namba moja ilikuwa dansi la zamani, la kumkaribisha mchumba kutoka safari. Namba mbili ndiyo ile albamu ya kwaya, na mgeni wao ni Bwana Yesu. Namba tatu ilikuwa dansi tena, la mbiombio, la kufukuzana, nalo vijana wa gereji walilipenda kufa. Namba nne taarabu, ambamo mgeni ni mwanamke asiyealikwa. Tano mnaijua. Sita mchezo wa redio kuhusu mkaguzi wa ushirika anayesubiriwa kijijini na hafiki. Saba ililetwa na vijana waliovaa suruali zinazowaanguka, ni muziki wa kufokafoka, na mpaka leo sijaelewa mgeni wao alikuwa nani. Mama Kanda aliwataka waimbe, wakafoka kaunta nzima ikatikisika. Akawasikiliza hadi mwisho kwa adabu ileile aliyowapa wazee, kisha akawaambia, "Pumueni. Mnasahau kupumua."

Alikuwa mtu wa kanisani hasa, sauti ya pili, kiti cha mbele, na Jumapili duka halifunguliwi hata aje mkuu wa wilaya. Ila mistari ya taarabu aliijua yote kwa moyo, na akiitaja uso wake ulikuwa uleule wa kusoma zaburi. Mwinjilisti wa usharika alikuja siku moja kutafuta namba mbili. Akaona picha za wanamuziki ukutani, akaona aibu kuimba wimbo wa Bwana mahali pale. Mama Kanda akamwambia, "Nisikie." Mwinjilisti akaanza kidogokidogo, akiangalia sakafu. Sasa huo wimbo Ngarenaro nzima ilikuwa inaujua. Muuza mkaa akadaka besi. Mama mmoja aliyekuwa anapita na ndizi kichwani akasimama, akachukua ya kwanza. Mafundi baiskeli wakaingia, na wawili kati yao ni Waislamu. Mimi mwenyewe Mkatoliki wa Kibosho niliweka mkasi chini. Mama Kanda akachomoa kalamu sikioni akaanza kuongoza. Tulipomaliza, watu wanafutana machozi kwa raha, yeye alisema, "Besi mmechelewa," akaandika jina la mwinjilisti kwenye daftari.

Na ile namba nne nusura itupeleke polisi. Kulikuwa na bibi mmoja wa mtaa wa nyuma, watu wao wa Tanga, na mke mwenza wake, wote wateja wangu. Mke mkubwa alikuja kurekodi taarabu wakati mke mdogo yuko kwangu anapimwa gauni. Akaambiwa aimbe. Naye akaimba, lakini akaisogelea hadibodi na kuimba kuielekea, kila kijembe akikikanyagia ili kifike. Mke mdogo ana pini mabegani, hawezi hata kugeuka. Kesho yake akaenda na yeye, akaimba wimbo uleule kwa sauti kubwa zaidi. Mama Kanda akawarekodia wote wawili kanda moja kila mmoja, akawakabidhi siku moja saa moja, akawaambia mbele ya watu kwamba mkubwa anajua maneno na mdogo anajua sauti, na kama wangekuwa wanaimba pamoja angewasikiliza bure. Wakatazamana. Kicheko kilianza kwa mkubwa. Mwezi uliofuata walikuja kushona gauni sare kwa ajili ya kikundi cha akina mama, na mimi nikapata kazi ya wiki tatu.

Subira yake ilikuwa ya ajabu, maana kwa watu hakuwa nayo. Mteja akimkatisha maneno alifukuzwa. Ukiingia na andazi ulitoka na andazi lako. Lakini kanda ikikwama, mkanda umejisokota kama utumbo wa kuku, aliketi nayo nusu siku, anaupindua taratibu kwa kalamu, anaulainisha kwa kucha, anasafisha kichwa cha deki kwa pamba na spiriti kama nesi anayesafisha kidonda. Aliwaambia watu, "Usinipe historia, nipe sauti," na yeye mwenyewe alikuwa na historia ya kila kanda kwenye rafu: nani aliileta, aliirekodi redioni siku gani, mbwa gani anabweka katikati. Mara mbili aliandika barua kwenye kipindi cha salamu akiomba Mgeni Njiani. Mara ya kwanza wakampigia kwaya. Mara ya pili wakapiga namba tatu, yaani ile aliyoichukia kuliko zote. "Kelele hizi," alikuwa akisema, "kama watu wanakimbia nyumba inayoungua." Wateja wakija kuitaka aliwarekodia na sauti ameishusha mpaka chini.

Kisha stesheni zikawa nyingi. Mjini kwetu ikafunguliwa moja ya FM, juu ya duka la vifaa vya umeme, na mtangazaji wake kijana alisikia habari za mama anayewaimbisha wateja. Akamwalika. Mama Kanda alivaa gauni nililomshonea la kwenda Pasaka. Nilimsindikiza na kuketishwa kwenye kona, nikiambiwa nisikohoe.

"Mambo vipi, mama! Tuko hewani laivu!" kijana alisema.

"Shikamoo kwanza," Mama Kanda alisema, hewani.

"Aa, shikamoo, mama."

"Marahaba. Haya, uliza."

Kijana akauliza kwa nini anawaimbisha watu. Nikadhani ataeleza habari ya harusi, kama kawaida. Akaeleza habari ya mume wake. Yote: bendi ya shamba, baraza, Nkoaranga, gari la redio. Alisema kama anayesoma tangazo la kupotelewa na ng'ombe. Halafu akaufumba mdomo, akauvumisha ule wimbo kwa pua, polepole, mbele ya kipaza sauti. Nilikuwa sijawahi kuusikia. Ulikuwa mzuri, wa kubembeleza, unakwenda na kurudi. Kijana aliondoa kofia bila kujijua.

"Wasikilizaji," alisema, "anayeujua huu wimbo apige simu."

Jamani! Simu moja, mezani, ikaanza kulia haikunyamaza. Sanawari wakapiga, Tengeru wakapiga, Usa wakapiga. Kila mmoja ana Mgeni Njiani wake na kila mmoja anaimba. Babu mmoja aliimba namba moja yote, pamoja na sehemu ya tarumbeta. Mwanamke mmoja alianza namba mbili, mbuzi wake akaingilia. Mama Kanda anajibu, "Siyo. Asante. Mwingine." Kipindi cha nusu saa kikaenda saa mbili, matangazo ya sabuni yakasahaulika, na mwenye stesheni akapanda ngazi mbiombio kuja kugomba akakuta kila mtu anacheka, akaketi. Hakuna aliyeuleta wimbo wenyewe. Lakini kipindi kilipendwa, wakakifanya cha kila wiki, na mnajua walikiita nini. Mama Kanda alikiandika kwenye daftari, namba nane, kwa hasira. "Nimewapelekea shida yangu wakaiongeza," aliniambia.

Nadhani hapo ndipo alipochoka. Santuri za plastiki zinazong'aa nazo zikawa zimeingia, kanda zikawa mambo ya wazee. Akafunga duka, akarudi Nkoaranga kwenye kihamba chake cha kahawa na migomba. Deki moja na kanda yenye wale saba wote aliniachia mimi. "Hayupo humo," alisema. "Sikilizia kazi." Alipoondoka nilikaa siku kadhaa nikishona kimya, na ukweli nilikuwa mpweke sana. Chumba chake kikawa duka la mitumba.

Haikupita miezi mitatu, akaja kwangu mzee mmoja mwembamba, mkononi ana rula ya seremala.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Namtafuta yule mama wa kanda. Nimemsikia redioni, nilikuwa kwa binti yangu Tengeru, nikawa sina simu. Nimemwulizia mpaka nimechoka."

"Wewe ni nani yake?"

"Mimi ni fundi seremala, Elerai. Zamani nilipiga tumba. Mume wake ndiye alikuwa gitaa letu."

 Nikaweka mkasi chini. "Mzee, ule wimbo unaukumbuka?"

"Nitausahauje?"

Basi nikamwangalia tu. Akaiweka rula juu ya meza yangu ya kukatia, akaanza kupiga meza kwa viganja, na kuimba. Ilikuwa namba tatu.

Nilimwambia hapana, mzee, huo ni mwingine, wa mama ni wa polepole. Akasema, "Wa polepole ndio huohuo. Siku ile tuliukimbiza." Akanieleza kwa nini. Nilipomaliza kusikia nilifunga duka mchana kweupe, jambo nisilolifanya hata nilipougua malaria.

Jumamosi tulipanda Nkoaranga, mimi, mzee wa tumba, na redio kaseti ya betri ndani ya kikapu. Mvua ilikuwa imenyesha, kile kinjia cha kupitia juu ya hospitali kinateleza kama sabuni, na mzee alishika kila mgomba njiani akiuomba radhi. Tulimkuta Mama Kanda nyuma ya nyumba anachambua kahawa kwenye ungo. Alimtazama mzee juu mpaka chini.

"Shemeji," alisema. "Umekonda."

"Na wewe umenenepa, shemeji. Mungu ni mwema."

Tukaletewa viti na chai. Mzee wa tumba hakunywa. Alisema moja kwa moja kwamba wimbo wa mume wake upo kwenye kanda niliyokuja nayo, na kwamba yeye Mama Kanda ameushika kwa mikono yake miaka yote. Nikabonyeza. Namba tatu ikaanza kufukuzana katikati ya migomba.

Mama Kanda alikunja uso palepale. "Acheni mzaha. Hizi kelele?"

"Sikiliza gitaa peke yake," mzee alisema. "Wengine tuache."

Akainamisha kichwa, na mimi nikaona masikio yale ya kazi yanaanza kazi. Midomo yake ilikuwa inakwenda polepole, inapima, inaweka noti moja baada ya nyingine mahali pake. Halafu ungo ukamponyoka, kahawa ikamwagika mpaka miguuni kwa kuku.

"Ndiyo yenyewe," alisema. "Mungu wangu. Miaka yote hii nimewauzia watu mume wangu na huku namsema."

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika nguzo ya baraza, mimi nikacheka, mzee akacheka akakohoa. Lakini alipotulia uso wake ulikuwa na swali, nalo nililijua. Akauliza, "Sasa kwa nini walikimbia hivi? Yeye hakuwa mtu wa mbio."

Mzee wa tumba akaomba nirudishe kidogo. "Tulikuwa tumejipanga," alisema, "fundi mitambo ameshatuonesha kidole, bado kuanza. Mlango ukafunguka. Dereva wa gari la hospitali. Alikuja kuchukua dawa mjini, nesi akamtuma. Akasema, mke wako amejifungua salama, mtoto wa kike. Basi mwenzetu akataka kuondoka na gitaa. Fundi akasema gari la redio linakwenda Moshi, ni sasa au basi. Kiongozi wa bendi akamshika shati, akamwambia, mmoja tu, piga mmoja uende. Ndipo akaanza yeye, shemeji. Alianza kwa kasi hiyo unayoisikia. Sisi tulikuwa tunamkimbiza yeye. Nilimwambia kwa macho, punguza, ananicheka."

Nikabonyeza tena. Wimbo ukakaribia mwisho. Kila aliyewahi kununua namba tatu anajua kwamba gitaa hukatika kabla wimbo haujaisha. Zinabaki tumba na sauti zikijikongoja zenyewe. Mama Kanda alikuwa akiwaambia wateja ni ubovu wa kanda ya mwanzo, wasilete malalamiko. Likakatika sasa, na chini ya tumba tukasikia kitu kama kishindo.

"Hapo amelitupa juu ya kiti," mzee alisema. "Na huo ni mlango. Sisi bado tunapiga, yeye yuko barabarani. Dereva alikuwa ameshaondoka. Kuanzia hapo sijui alikujaje."

 Kuku walikuwa wanadonoa kahawa na Mama Kanda hakuwafukuza. Machozi yalimtoka akayaacha yateremke, na mdomo wake ulikuwa unacheka.

"Alikuja na matope mpaka magotini," alisema. "Nikadhani ameangukia njiani kwa pombe."

Akavuta pumzi, akajifuta uso kwa pembe ya khanga, akanyoosha mkono akaipandisha sauti ya redio kaseti mpaka mwisho, mpaka jirani akachungulia juu ya ua.

"Amepiga vibaya," alimwambia jirani kwa sauti kubwa. "Msikie mwenyewe. Amepiga vibaya sana!"